Kujua Makaburi Yalipo: Nahau ya Kiingereza na Mila ya Uluguru

Msemaji wa Kiingereza akisema kuwa fulani "anajua miili ilipozikwa", humaanisha kuwa mtu huyo anazijua siri za wakubwa, na kwa hiyo hawathubutu kumgusa. Nahau hiyo inasikika katika filamu ya Citizen Kane (1941), ikimhusu mtumishi wa nyumbani mwa tajiri. Nguvu ya mjuzi huyo imo katika kunyamaza. Akishasema, hana tena cha kumkinga.

Ikitafsiriwa neno kwa neno, nahau hii hugeuka maana Uluguru. Kwa mila ya Waluguru, ardhi ni ya ukoo unaofuata upande wa mama, na mkuu wa ukoo hurithi jina la waliomtangulia, kama Kingalu wa Kinole. Makaburi ya wahenga ni mahali pa tambiko. Tena ni ushahidi wa ukoo uliotangulia kuishi hapo. Anayeyajua hapati nguvu kwa kuyaficha, bali kwa kuyataja hadharani. Ndiyo ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliamuru ichimbwe matuta ya ngazi, hadi upinzani wa mwaka 1955 ulipouvunja mpango huo.

Methali "Siri ya mtungi aijuaye kata" inaikaribia zaidi nahau hiyo, kwa kuwa kata huzama mtungini kila siku, mithili ya yule mtumishi. Hata hivyo, kata haimtishi mtungi. Kitisho hicho mfasiri hana budi kukiongeza mwenyewe: "siri zao anazo mkononi."