Karani wa Pamba, Karani wa Reli

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyekulia hapa Kiryandongo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kanada. Anamaliza masomo ya kompyuta na kazi mbili zinamwita. Moja ni ya kampuni inayonunua na kuuza hisa kwa programu za kompyuta. Nyingine ni kampuni kubwa ya teknolojia, zile ambazo vitu vyao tunavitumia kila siku kwenye simu. "Kaka, niende wapi?"

Mimi niliishia sekondari. Lakini swali hilo niliwahi kulisikia Paya.

Paya iko Tororo, si mbali na Nagongera ambako reli inapita. Mwaka 2008 tulipokimbia vurugu za uchaguzi Kenya, tukapokelewa Mulanda kabla ya kuletwa huku. Jamaa za mama walikuwa Paya, wakawa wanatuita siku moja moja tule kwao. Jioni babu wa pale alikuwa anasimulia.

Enzi zake kijana aliyejua kusoma na hesabu alikuwa na milango miwili: kiwanda cha pamba au reli. Viwanda vingi vilikuwa vya Wahindi. Msimu ukianza pesa zinamwagika, na karani mwepesi wa hesabu anaongezewa kitu. Msimu ukiisha, rudi nyumbani. Reli, iliyofika Kampala mwaka 1931, ilikuwa na mshahara wa kila mwezi, nyumba, sare, na safari za bure. Ila cheo kilipanda polepole, na Mwafrika aliwekwa ngazi ya chini kabisa. Babu akachagua reli. Mdogo wake akaenda pamba.

Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke. Kiwanda kikafungwa, na babu akamcheka mdogo wake. Alicheka miaka mitano tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa, na mshahara ukawa hadithi. Sasa hapo ndipo babu alikuwa ananyamaza kidogo. Yeye alijua telegrafu na ishara za treni. Nje ya reli nani angemlipa kwa hizo? Mdogo wake alijua mizani na daftari, na wakati ule kahawa ilikuwa inavushwa kwa magendo kwenda Kenya. Wafanyabiashara walimtafuta wenyewe.

Nikamsimulia kijana wetu yote hayo, ndefu kweli, bando langu likaisha. Usalama wa kampuni hauonekani kwa mlangoni. Tarehe 1 Agosti 2012, programu yenye kasoro ya Knight Capital, kampuni ya hisa ya Marekani, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa dakika 45 hivi, na mwaka uliofuata kampuni ikaungana na nyingine. Na hao wakubwa? Januari 2023 Google ilitangaza kuondoa watu 12,000 hivi.

Kwa hiyo sikumuuliza nani analipa zaidi, ingawa najua pesa ni jambo zito. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa, mama yake hapa anaishi kwa anachotuma. Nilimwambia awaulize wote wawili: nikikaa kwenu miaka mitatu, nitakuwa najua nini ambacho mtu mwingine atanilipa? Kampuni nyingi za hisa hukuzuia kufanya kazi kwa washindani kwa miezi kadhaa baada ya kuacha. Je, miezi hiyo unalipwa? Jane Street, kwa mfano, huandika programu zake nyingi kwa OCaml, lugha ambayo kampuni chache huitumia; wapo wanaosema inakunoa akili, lakini mimi namkumbuka babu na telegrafu yake.

Sisi tuliowahi kuondoka na mfuko mmoja tunajua kuuliza kinachobebeka.

Alinijibu usiku. Bado hajachagua. Alitaka kwanza kujua yule mdogo wa babu alilipwa kwa shilingi za Uganda au za Kenya.