Liemba: Masanduku 5,000 na Mtumbwi Mmoja

Wadau, kila tukizungumzia kuunganisha vyombo vya moto hapa nchini tunaanzia Kibaha, TAMCO, kwenye malori ya Scania yaliyokuja vipande vipande kutoka Sweden. Sawa. Lakini kazi hiyo hiyo ilifanyika Kigoma, mwisho wa reli, miaka mingi kabla ya hapo, na chombo kilichotoka huko kimeishi kuliko malori hayo. Nazungumzia MV Liemba.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, kilitengeneza meli iliyoitwa Graf von Götzen. Tatizo lilikuwa moja: kutoka baharini hadi Ziwa Tanganyika hakuna njia ya meli. Basi ikaundwa kwanza kiwandani kwa kufungwa bolti tu, kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake. Kisha ikafumuliwa yote, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikasafirishwa Hamburg hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914.

Meli moja, kuunda mara mbili! Mhasibu wa leo angekwambia huo ni ufujaji. Lakini hebu piga hesabu. Bamba lisilokaa sawa ukiligundua Papenburg, unalirekebisha siku hiyo hiyo. Ukiligundua Kigoma, unasubiri miezi, na vita vilipoanza Agosti 1914 ungesubiri bila mwisho. Ukaguzi wa kiwandani ulikuwa ghali, ila kosa lingekuwa ghali zaidi.

Kiwanda kilituma mafundi watatu kusimamia kazi: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Majina yao yamo kwenye kila simulizi. Vibarua wa Kiafrika waliobeba yale mabamba na kutoa jasho juani pale Kigoma, sijakuta jina hata la mmoja. Hili huniudhi kila nikisoma habari za meli hii. Ubora wa kazi tunausifu, waliofanya nusu yake hatuwajui.

Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Haikukaa sana. Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia wale mafundi: kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Umeshindwa vita, unaondoka, chombo kinakwenda chini ya maji, na bado unapaka grisi! Wabelgiji waliiibua, ikazama tena bandarini Kigoma. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakakuta mashine bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, na ikaendelea kwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Imebeba dagaa, mawese, waenda harusi, na wakimbizi pia: waliorudishwa Kongo mwaka 1997, na Warundi waliotolewa Kagunga mwaka 2015.

Sasa wengi wetu tunaishia hapo, kwenye kusifia chuma cha Mjerumani. Mimi naona chuma ni nusu ya habari. MV Bukoba ilikuwa changa sana mbele ya Liemba, lakini tarehe 21 Mei 1996 ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. MV Nyerere ilipinduka Ukara Septemba 2018, ikaua zaidi ya watu 200. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kiwandani kipimo kilihusu bamba na bolti. Getini kipimo kinahusu vichwa vya watu, na kila kichwa kinachozidi ni nauli. Hapo ndipo gharama inapopunguzwa.

Na Liemba yenyewe? Kwa miaka mingi, ukiacha vituo vichache vyenye gati, ilisimama mbali kidogo na kijiji, mara nyingi usiku, na abiria wakaifuata kwa mitumbwi: mama na mtoto mgongoni, gunia, kuku, kila mtu akigombania mlango wa ubavuni huku mawimbi yanapiga. Meli ilikuwa na vyeti vyake. Mtumbwi haukuwa na hata jaketi moja la kujiokolea.

Gati zimejengwa miaka ya karibuni, Kabwe na Karema kwa mfano, na mwaka 2023 serikali ilisaini mkataba wa kuikarabati Liemba upya. Injini zitatajwa, bodi itatajwa, mabilioni yatatajwa. Mimi nasubiri kuona ni vijiji vingapi vya mwambao ambako abiria atapanda kwa miguu yake, bila kurukia mtumbwi gizani.