Nyasi Zinazofungwa Wakati wa Mvua



Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria, wanakaa Wasukuma, watu wanaolima na kufuga ng'ombe tangu kale. Katika mkoa wa Shinyanga mvua huanza mnamo Novemba na kukoma mnamo Mei. Miezi inayobaki ni ya jua kali. Kuna miaka ambayo mvua hukawia au hukatika mapema, na hapo mfugaji huwaona wanyama wake wakianguka mmoja baada ya mwingine. Kwa sababu hiyo wazee wao waliweka desturi iitwayo ngitili. Historia yake inatufaa sisi sote.

Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza. Nyasi zikiwa tele kila mahali, hakuna mnyama anayeingizwa humo. Huota, hukomaa na kukaukia papo hapo, kama akiba ghalani. Mnamo Julai au Agosti, malisho ya nje yanapokwisha, ndipo hufunguliwa na kulishwa kipande baada ya kipande. Ng'ombe wenye nguvu hupelekwa malisho ya mbali. Ngitili huachiwa ndama, ng'ombe wazee, wenye kunyonyesha, na maksai wa kulimia. Wazee walijua kwamba maksai aliyekonda mwezi wa Oktoba hataweza kuvuta jembe mvua itakaporudi, na njaa ya wanyama itageuka kuwa njaa ya watu.

Ngitili nyingine zilikuwa za familia, nyingine za kijiji kizima. Mkutano wa jadi uitwao dagashida uliweka sheria, na aliyezivunja alitozwa faini.

Desturi hiyo ilidhoofikaje? Tangu miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza, vichaka na misitu ilikatwa Shinyanga ili kuangamiza mbung'o, inzi anayewaletea ng'ombe ugonjwa wa nagana. Ng'ombe waliongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, miti ikapungua. Kisha katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania iliwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa kuwaweka karibu na shule, maji na zahanati, lakini familia nyingi ziliacha nyuma ngitili zao. Malisho yaliyokuwa na mlinzi yakawa ya yeyote atakayewahi. Nani atatunza nyasi ambazo kesho zitaliwa na ng'ombe wa mwingine? Ilipofika miaka ya 1980 udongo ulikuwa umeachwa wazi, wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI. Mwanzoni wataalamu walitegemea zaidi kupanda miche iliyooteshwa vitaluni. Baadaye walitambua kwamba chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, mizizi ya miti ya kale ilikuwa bado hai. Ilihitaji kupumzishwa tu. Basi wakaigeukia elimu ya wenyeji, na ngitili zikaanza kufungwa upya. Mwaka 1986 zilizojulikana zilikuwa za hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Pamoja na nyasi zilirudi kuni, asali na dawa za miti shamba.

Hata hivyo, tusiisifu desturi hii kupita kiasi. Mwenye ardhi kubwa hupata ngitili kubwa. Maskini asiye na ardhi hutegemea ile ya kijiji, na isiposimamiwa kwa haki hubaki mikono mitupu. Mpaka uleule unaolinda nyasi unaweza kumfungia jirani nje.

Tukitazama vema, kazi ngumu ya ngitili haifanyiki wakati wa kiangazi. Hufanyika katika miezi ya neema, wakati nyasi ni mbichi, ng'ombe wamenona, na hakuna aonaye sababu ya kujizuia. Mtu mmoja akiingiza ng'ombe wake usiku, wenzake nao watamfuata, na akiba ya wote itakwisha kabla ya siku ya shida. Ukame huleta jua. Lakini kundi litakaloliona tena wingu la Novemba limekwisha kuamuliwa tangu mvua zilizopita, na watu walioshika neno lao.

Katika vikundi vyenu, jiulizeni: ni mali gani ya pamoja, iwe malisho, msitu, chemchemi au hazina ya kikundi, ambayo leo tunaitumia kana kwamba kiangazi hakitafika? Na tukiifunga ili tuitunze, nani kati yetu atabaki nje?