Bei na Thamani ya Gitaa: Maneno Mawili na Ala Tatu

Swali la kama gitaa la umeme la bei kubwa lina thamani kuliko lile la bei ndogo huulizwa sana madukani, na huonekana kuwa ni swali la wafanya biashara na wapiga muziki peke yao. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kuwa ni swali la wanafunzi wa lugha na wa historia pia, kwa sababu mbili. Ya kwanza, limejengwa juu ya maneno mawili, bei na thamani, ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. Ya pili, jibu lake lagusa hali ya ala ambayo kwa desturi haikuwa na duka wala karatasi ya bei, yaani iritungu la Wakurya, katika nchi ya Kisaka na jirani zake, wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Tukikosea katika maneno, tutakosea katika kuihesabu ala hiyo.

Tuanze na maneno yenyewe. Bei na thamani yote mawili yametoka katika Kiarabu, walakini safari zake hazikuwa sawa. Asili ya bei ni neno lenye maana ya kuuza. Nalo katika Kiswahili halikwenda mbali na soko lake. Asili ya thamani ni neno lenye maana ya bei hasa, malipo yatolewayo kwa kitu. Lakini lilipokwisha kukaa katika Kiswahili, lilipanda daraja, likawa na maana ya ubora na heshima ya kitu, hata kisipouzwa. Ajabu ni kwamba neno la tatu, kima, ambalo huko lilikotoka ndilo lenye maana ya ubora, hapa kwetu limeshuka likawa kipimo na kiasi, kama tusemapo kima cha chini cha mshahara. Basi Waswahili hawakupokea maneno haya kama mtu apokeavyo mzigo akaufikisha ulivyofungwa. Waliyapanga upya kwa mahitaji yao.

Kuna ushahidi mwingine. Twasema mtu wa thamani, na msikilizaji hufahamu kuwa ni sifa. Lakini tukisema mtu wa bei, tumemtukana. Kutoka thamani tumepata kitenzi kuthamini, ambacho ni kazi ya moyo na akili. Bei haikutupa kitenzi katika maneno ya kila siku, kwa sababu kazi yake hufanywa na vitenzi vya sokoni, kununua na kuuza. Kadhalika neno rahisi, ambalo asili yake ni kitu cha bei ndogo, limepata maana ya pili ya kitu kisicho kigumu. Na wazee wakaonya kwa maneno mawili tu, rahisi ghali. Methali hiyo haisemi kuwa kila kilicho ghali ni bora. Yasema kuwa bei ya kwanza si hesabu yote.

Sasa tutazame ala ya kwanza, nayo ni gitaa lisilo la umeme. Wanamuziki wazee wa Tanzania hulijua gitaa kavu kwa jina la galatoni. Neno hili si la Kibantu wala la Kiarabu. Limetokana na Gallotone, alama ya biashara ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza sahani za santuri na magitaa pia. Chini ya alama hiyo hiyo zilitolewa nyimbo za Jean-Bosco Mwenda, Mkongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, ambaye upigaji wake wa vidole uliigwa na vijana wengi wa Afrika Mashariki. Jina la kampuni likawa jina la kitu, kama ilivyokuwa baadaye kwa bajaji na pampasi. Yafaa tuangalie kuwa lugha haikuchukua jina la gitaa la kifahari likalifanya jina la jumla. Ilichukua jina la gitaa la bei ndogo, kwa kuwa ndilo lililoshikwa na watu.

Gitaa la namna hii lilifika Uingereza pia. Kijana wa Liverpool, John Lennon, alikuwa na Gallotone Champion, gitaa la kujifunzia lililobandikwa ndani yake karatasi ya kuahidi kuwa halitapasuka. Ndilo alilopiga tarehe 6 Julai 1957 katika sherehe ya kanisa la Woolton, siku aliyokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa kwa mnada huko London kwa paundi 155,500. Mbao zake hazikuwa zimeongezeka uzuri, wala sauti yake haikuwa imekuwa bora kuliko siku lilipotoka kiwandani. Kilichoongezeka ni habari zake. Hapa twaona bei ikiifuata thamani nyuma, baada ya miaka zaidi ya 40.

Ala ya pili ni gitaa la umeme lenyewe, na hapa hapana budi kueleza kidogo namna linavyofanya kazi. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa sumaku na waya vikisogezwa, umeme huzaliwa katika waya. Gitaa la umeme ni mtoto wa jambo hilo. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi ukitikisika, umeme mdogo hupita katika waya, nao hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa hata ukawa sauti. Kwa hiyo gitaa la umeme halitegemei tumbo la mbao kama litegemeavyo galatoni. Sehemu kubwa ya sauti yake imo katika nyuzi, sumaku, amplifaya na vidole vya mpigaji.

Leo Fender, fundi wa redio wa California, aliufahamu ukweli huu vizuri. Gitaa alilolitoa mwaka 1950, ambalo tangu 1951 huitwa Telecaster, lilikuwa na kiwiliwili cha ubao mzima usio na uwazi, na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne badala ya kugundishwa kwa ufundi wa maseremala wa vinanda. Shingo ikiharibika, hufunguliwa ikatiwa nyingine. Nia yake ilikuwa kutengeneza kwa wingi na kwa wepesi. Basi gitaa ambalo leo huhesabiwa kuwa kielelezo cha ubora lilizaliwa likiwa jaribio la kupunguza gharama. Ndugu yake, Stratocaster, lilipotoka mwaka 1954 liliuzwa dola 249.50, pamoja na mtambo wake wa kutetemesha sauti; na mwaka 1982 kampuni hiyo ilianza kuuza magitaa ya umbo lile lile yaliyotengenezwa Japani, kwa jina la Squier na kwa bei ndogo zaidi.

Kisa cha kampuni ya Gibson chafundisha zaidi. Magitaa yake ya Les Paul ya miaka ya 1958 hadi 1960, yenye rangi ya jua linalotua, hayakuuzwa vya kuridhisha, na mwaka 1961 umbo lake likabadilishwa kabisa. Mwaka 1966 Eric Clapton alisikika akilipiga moja la magitaa hayo katika sahani ya John Mayall, na watu wakaanza kuyatafuta. Leo hufikia mamia ya maelfu ya dola. Yalikuwa yale yale yaliyokataliwa. Masikio ya watu ndiyo yaliyobadilika, baada ya kufundishwa na mpigaji mmoja.

Msomaji atauliza, je, kwani gitaa la bei ndogo halina ila? Linazo, na si haki kuzificha. Gitaa lililotengenezwa kwa haraka aghalabu lina shingo inayopinda, nyuzi zilizoinuka mno hata vidole vikaumia, na funguo zisizoshika, hivyo nyuzi hulegea katikati ya wimbo. Mwanafunzi anayejifunza kwa ala isiyokaa katika sauti yake hulipoteza sikio lake kabla ya kulipata. Bei ya gitaa zuri hulipa mambo haya: mbao zilizokaushwa, vyuma vya shingoni vilivyosawazishwa, na saa za fundi. Lakini zipo mbele kidogo tu ya njia. Makosa hayo yakiisha kuondolewa, fedha zinazozidi hulipa jina, umri na uchache wa ala, wala hazifanyi wimbo kuwa mzuri zaidi.

Katika Afrika Mashariki hesabu ilikuwa na sehemu nyingine tena. Gitaa la umeme lilihitaji amplifaya na umeme wa kuiendesha, na vijiji vingi vya Tanganyika iliyopata uhuru mwaka 1961 havikuwa na umeme. Vyombo vilikuwa ghali kupita uwezo wa mpigaji mmoja. Kwa sababu hiyo bendi nyingi za Tanzania zilimilikiwa na chama au shirika: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanya kazi, na polisi na majeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Akihama bendi, huondoka na vidole vyake na kuliacha gitaa. Mashabiki nao walimfuata mpigaji. Walikwisha kulijibu swali letu kwa miguu yao.

Mfano ulio karibu zaidi na Kisaka ni wa Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, mahali palipokuwa katika wilaya ya Tarime kabla Rorya haijawa wilaya ya peke yake mwaka 2007. Alikwenda Kenya, akaunda Shirati Jazz, akawa mmoja wa wakuu wa muziki wa benga hata kufa kwake mwaka 2006. Sifa ya benga ni gitaa la mbele linalokwenda mbio, uzi mmoja mmoja, likifuata njia za nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Gitaa la kiwandani lilifundishwa kusema lugha ya nyatiti. Mwenye duka hakuweza kuiuza lugha hiyo, kwa sababu haikuwamo katika sanduku la gitaa. Ilitoka kwa wapiga nyatiti wa kandokando ya ziwa.

Hivyo twafika kwenye ala ya tatu. Iritungu ni jamaa wa nyatiti na wa obokano la Wakisii, lakini sauti yake ni nzito kuliko ya nyatiti. Lina bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi nane. Mpigaji hukaa, na wachezaji huweza kucheza wakiwa wamevaa viatu vizito vya magogo. Tofauti na gitaa la umeme, hapa tumbo ndilo kila kitu: mti, ngozi na mkono wa mchongaji hukaa ndani ya sauti yenyewe. Hata jina lake lina somo. Katika Kikurya iri- ni kiambishi cha ngeli. Wasemaji wa Kiswahili hulitamka litungu, na huichukua li- kuwa sehemu ya shina, kana kwamba neno lilizaliwa hivyo. Jina limepokewa, muundo wake umesahauliwa.

Naogopa kuwa ala yenyewe yaweza kutendewa vivyo hivyo. Afisa au mwalimu anapoandika orodha ya vyombo vya shule au vya kikundi cha utamaduni, gitaa huandikiwa bei yake na iritungu huachiwa nafasi tupu, au huandikiwa gharama ya mti na ngozi. Anayesoma orodha hiyo baadaye ataona kuwa kimoja ni mali na kingine ni kuni. Kijana naye atasoma vivyo hivyo, na mchongaji hatapata mwanafunzi. Hasara hiyo haitokani na uovu wa mtu. Yatokana na kuijaza safu ya thamani kwa tarakimu za bei.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. Mtunga kamusi asiifafanue thamani kwa neno bei peke yake. Ayaandike maana mbili mbalimbali, na kwa maana ya pili atoe mifano ya vitu visivyouzwa. Na mtafiti anayekusanya habari za ala za Mara aandike, pamoja na vipimo vya bakuli na urefu wa nyuzi, ni nani alichonga, nani alimfundisha mpigaji, na ala hupigwa katika shughuli zipi. Hayo ndiyo yaliyompa thamani Gallotone wa Liverpool na Les Paul wa mwaka 1960, wala hakuna sababu ya kuwanyima wapigaji wa Tarime na Serengeti hesabu ile ile.

Basi je, gitaa la bei kubwa lina thamani kuliko la bei ndogo? Lina ufundi zaidi, mpaka kiasi fulani. Zaidi ya hapo lina bei tu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na katika methali hiyo anayetuzwa ni mchezaji.