Kusoma Bila Kurudi Nyuma: Uchanganuzi wa Matukio na Majina ya Mitaa ya Dar es Salaam katika Hati za Alama, 1998–2022

Ikisiri

Makala haya yanajadili historia ya njia mojawapo ya kusoma hati za kielektroniki, yaani uchanganuzi unaoongozwa na matukio, na namna njia hiyo ilivyokutana na majina ya mahali ya Kiswahili katika viunga vya Dar es Salaam. Mifano imetolewa katika ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo tangu 2011 imepokea majina ya mitaa ya Tandale na baadaye ya sehemu nyingine za Kinondoni, Ilala na Temeke. Hoja kuu ni kwamba kichanganuzi cha aina hii hukumbuka kile tu kilichoamuliwa mapema kuwa kikumbukwe. Kwa kuwa jina la mtaa katika Kiswahili cha jiji hutegemea jina linalolitangulia, uamuzi huo si wa fundi wa programu peke yake. Ni suala la isimu pia.

1.0 Utangulizi

Abiria wa daladala anayesema "kwa Mtogole, shusha" haulizwi Mtogole ni nani wala yuko wapi. Gari liko Tandale, na muktadha umekwisha kutolewa na safari yenyewe. Akiwa mbali na hapo, msemaji huyohuyo atasema "Tandale kwa Mtogole". Ndivyo inavyosemwa pia Magomeni Mapipa, Mbagala Rangi Tatu na Mtoni kwa Aziz Ally. Jina linalojulikana kwa wengi hutangulia, na jina la pili hulipunguza eneo mpaka msikilizaji aelewe mahali mahususi. Huu ni mpangilio wa kisarufi wenye kawaida zake, ingawa haujaandikwa katika mwongozo wowote wa jiji.

Katika muongo wa 2010 majina haya yaliingizwa katika hati za alama zinazosomwa na mashine. Wataalamu wa jiografia na mipango miji wamelijadili tukio hilo kwa upande wa mafuriko, makazi na huduma. Upande wake wa lugha haujapewa uzito unaostahili. Sehemu zinazofuata zinaanza na historia ya uchanganuzi wenyewe, kisha zinaeleza jinsi majina ya Tandale yalivyoingia katika hati, na mwisho zinachunguza kilichotokea kwa uhusiano baina ya jina na jina.

2.0 Chimbuko la Uchanganuzi wa Matukio

Wazo la kuitenga maana ya sehemu za hati na sura yake lilianza kutekelezwa katika kampuni ya IBM mwishoni mwa miaka ya 1960. Lilipata kiwango cha kimataifa mwaka 1986 kupitia SGML, na likarahisishwa katika XML, ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa tarehe 10 Februari 1998. Katika hati ya XML kila sehemu huwa na alama ya kuifungua na alama ya kuifunga, na sehemu moja huweza kukaa ndani ya nyingine.

Swali lililofuata lilikuwa jinsi programu itakavyoisoma hati hiyo. Njia ya kwanza ni kuisoma yote, kuijenga kama mti katika kumbukumbu ya kompyuta, na ndipo kuanza kuuliza maswali. Njia hii humruhusu msomaji kupanda na kushuka matawi apendavyo, lakini hati kubwa huhitaji kumbukumbu kubwa zaidi. Njia ya pili ni kuisoma hati mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho na kutoa taarifa ya kila kinachokutwa: sehemu imeanza, maandishi yamepatikana, sehemu imekwisha. Kila taarifa huitwa tukio. Hapa programu haimwamuru msomaji atafute kitu. Msomaji ndiye anayeiita programu kila tukio linapotokea.

Njia hii ya pili iliwekewa utaratibu wa pamoja katika majadiliano ya watengenezaji programu yaliyoanza Desemba 1997 na kuratibiwa na David Megginson. Matokeo yake, yaliyoitwa SAX, yalitolewa Mei 1998, na toleo la pili likafuata mwaka 2000. Utaratibu huo haukutoka katika kamati rasmi ya viwango, bali ulitokana na makubaliano ya watu waliokuwa na tatizo moja. Katika kipindi hichohicho James Clark alitengeneza Expat, kichanganuzi cha matukio kilichoandikwa kwa lugha ya C, ambacho kimeendelea kutumiwa ndani ya programu nyingi.

Kichanganuzi cha matukio hufanana na msikilizaji wa ngano. Hawezi kufunua kurasa za nyuma. Akisikia "yule mzee akarudi" ni lazima awe amemhifadhi mzee huyo akilini tangu alipotajwa. Tofauti ni kwamba msikilizaji wa ngano hukumbuka bila kuamriwa, ilhali kichanganuzi hakikumbuki chochote. Kila kinachopaswa kudumu baada ya tukio kupita huhifadhiwa na programu iliyoandikwa kwa ajili hiyo, kwa kawaida katika rundo: sehemu ikianza jina lake huwekwa juu, ikifungwa huondolewa.

Watafiti wa kongoo za Kiswahili wanapaswa kufahamu sifa nyingine ya njia hii. Kichanganuzi kinaruhusiwa kuyatoa maandishi ya sehemu moja kwa vipande. Neno "walipokuja" laweza kufika kama "walipo" na kisha "kuja", si kwa sababu za kimofolojia, bali kwa sababu hifadhi ya muda ilijaa hapo. Programu inayohesabu maneno bila kuunganisha vipande hivyo kwanza itahesabu maneno mawili pasipo na mawili.

3.0 Tandale Yaingia katika Hati

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast kwa nia ya kuwa na ramani ya dunia ambayo mtu yeyote angeweza kuichangia na kuitumia. Data yake hutolewa, pamoja na miundo mingine, katika XML. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi walitembea Tandale, katika Manispaa ya Kinondoni, wakiwa na vifaa vya GPS, wakiandika barabara, vyoo, maduka, visima na mitaro. Kazi hiyo iliungwa mkono na Benki ya Dunia, Twaweza na Ground Truth Initiative. Mitaa sita ya kata hiyo, yaani Kwa Tumbo, Mkunduge, Mtogole, Muhalitani, Pakacha na Sokoni, ikapata nafasi katika ramani iliyoweza kusomwa popote duniani.

Desemba mwaka huohuo mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam, hasa bonde la Msimbazi, na kusababisha vifo na watu kupoteza makazi. Haja ya ramani zenye majina yanayotumiwa na wakazi ikawa dhahiri. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, ukiwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ofisi zake ziko Kijitonyama. Ramani zilichapishwa kwa karatasi kwa ajili ya viongozi wa kata na mitaa, na data ikatumiwa katika programu za kukadiria majengo yanayoweza kufikiwa na maji.

Umuhimu wa jina hapa hauhitaji maelezo marefu. Mtu anayeomba msaada maji yakiwa yamefika dirishani hatoi longitudo na latitudo. Anataja mahali kama panavyotajwa.

4.0 Mpangilio wa Hati na Mpangilio wa Kauli

Data ya OpenStreetMap ina sehemu kuu tatu. Nukta huonyesha mahali pamoja. Njia huunganisha nukta kwa kutaja namba zake. Na uhusiano hukusanya nukta na njia, kwa mfano mipaka ya kata. Majina hubebwa na lebo zilizo ndani ya sehemu hizo. Katika faili za dunia nzima nukta zote hutangulia, zikafuatiwa na njia zote, na uhusiano huja mwisho. Nukta hizo zimepita bilioni saba, na faili ya XML isiyobanwa imezidi terabaiti moja. Kuijenga yote kama mti katika kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida hakuwezekani. Hivyo faili ya ukubwa huo husomwa kwa mfululizo.

Matukio ya nukta moja yakifupishwa husomeka hivi:

nukta imeanza
lebo: jina, thamani: Sokoni
nukta imekwisha

Mpaka hapo kichanganuzi kimesikia "Sokoni" na hakijasikia Tandale. Mpaka wa kata utatajwa baada ya mabilioni ya matukio mengine, ukiwa mwisho wa hati. Kauli ya Kiswahili huanza na Tandale na kuishia Sokoni. Hati huanza na Sokoni, na Tandale hufika wakati nukta imekwisha kusahauliwa.

Watengenezaji programu wamelitatua tatizo hili kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuhifadhi mahali pa nukta zote, jambo linalohitaji nafasi kubwa. Ya pili ni kuisoma hati zaidi ya mara moja: safari ya kwanza kuchukua mipaka, na inayofuata kuchukua nukta zilizomo. Ya tatu, iliyotumika zaidi miaka ya mwanzo, ilikuwa kuandika ndani ya nukta yenyewe lebo inayotaja eneo kubwa zaidi. Lebo hiyo iliachwa polepole kwa hoja kwamba eneo kubwa huweza kukokotolewa kutokana na mpaka.

Hoja hiyo ina nguvu yake. Wilaya za Ubungo na Kigamboni zilipomegwa kutoka Kinondoni na Temeke katikati ya muongo wa 2010, nukta ya Manzese iliyoandikwa kuwa iko Kinondoni ilikuwa na taarifa iliyopitwa na wakati, ilhali mpaka uliorekebishwa mara moja ulitosha kuzisahihisha nukta zote. Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba jina linalotangulia katika kauli ni jina la eneo linalozunguka. Mazungumzo ya jiji hayathibitishi hivyo. Mwenge ni mtaa wa kata ya Kijitonyama, na ukokotoaji wa mipaka utatoa "Kijitonyama, Mwenge". Lakini msemaji wa Dar es Salaam husema Mwenge tu, kwa kuwa jina hilo limekomaa na kusimama peke yake. Mtogole, kwa upande mwingine, huhitaji Tandale. Mpaka unaonyesha kilichomo ndani ya kingine. Hauonyeshi kinachosemwa pamoja na kingine.

5.0 Kilichobaki na Kilichodondoka

Orodha ya mitaa ya Tandale yenyewe inaonyesha kukosekana kwa ulinganifu. Kwa Tumbo imeandikwa pamoja na "kwa". Mtogole imeandikwa bila "kwa", ingawa wasemaji husema "Tandale kwa Mtogole". Msikilizaji asiyelijua eneo hawezi kutambua kutokana na orodha kwamba majina hayo mawili husemwa kwa muundo mmoja, yaani mahali panapotambulishwa kwa mtu. Programu inayopanga majina kwa alfabeti itaweka Kwa Tumbo na Kwa Aziz Ally chini ya K, na Mtogole chini ya M. Programu nyingine, kwa nia ya kusafisha data, huenda ikaifuta "kwa" kila inapoikuta mwanzoni, na kubakiza Tumbo, nomino ya kiungo cha mwili.

Sokoni lina tatizo jingine. Kiambishi tamati -ni hulifanya neno kuwa la mahali, na ndani ya Tandale, yenye soko maarufu la nafaka, hakuna utata. Nje ya Tandale neno hilohilo laweza kuwa soko lolote. Kichanganuzi kinapoliokota peke yake na kuliweka katika orodha ya majina ya jiji zima, jina halisi hugeuka kuwa maelezo ya jumla.

Si haki kuutwika uchanganuzi wa matukio lawama zote. Msomaji atumiaye mti naye hawezi kupata uhusiano ambao hati haikuuandika. Lakini mti humpa mtafiti nafasi ya kugundua kosa na kurudi nyuma. Usomaji wa mfululizo humtaka aamue kabla ya kuanza: "kwa" ihifadhiwe au la, jina la kata lisubiriwe au la. Uamuzi huo huandikwa katika mistari michache ya msimbo ambayo mtumiaji wa ramani hataiona.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya Agosti mwaka huo, iliongeza uzito wa suala hili kwa kuzipa barabara majina na nyumba namba katika nchi nzima. Jina lililoandikwa kwenye kibao na katika kanzidata hupata mamlaka ambayo jina la mdomoni halina. Vizazi vitakavyofuata vitajifunza kutoka katika maandishi hayo.

6.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa ni ya mifumo miwili iliyokutana bila kutambulishana. Uchanganuzi wa matukio uliundwa ili hati kubwa zisomwe kwa kumbukumbu ndogo, na umelitimiza lengo hilo. Majina ya mitaa ya Dar es Salaam yaliundwa na watu wanaokumbuka mengi na kusema machache. Yalipokutana, kilichokuwa hatarini ni uhusiano baina ya majina, si majina yenyewe.

Nyenzo za kuunusuru uhusiano huo zipo. OpenStreetMap huruhusu mahali pamoja kuwa na jina rasmi, jina mbadala, jina la zamani na jina la wenyeji. Nukta ya Mtogole ikibeba pia "Tandale kwa Mtogole" kama inavyosemwa, kichanganuzi hakitahitaji kusubiri mpaka wa kata, kwa kuwa muktadha utapita mbele yake pamoja na jina. Kinachohitajika ni kanuni ya kuamua ni majina yapi yanayosimama peke yake kama Mwenge, na yapi yanayohitaji jina la kutangulia. Kanuni hiyo haiwezi kukokotolewa kutokana na mipaka. Itapatikana kwa kuwasikiliza wasemaji katika vituo vya Kinondoni na Temeke, kazi ambayo wanaisimu wa Kiswahili wana ujuzi nayo, na ambayo ingefaa ikamilike kabla orodha za kielektroniki hazijawa marejeo pekee.