Tea Party, Harakati ya (Marekani)

Tea Party ni jina la harakati ya wahafidhina iliyozuka Marekani mwanzoni mwa mwaka 2009, ambayo, bila ya kuandikishwa kuwa chama, na bila ya kuwa na mwenyekiti mmoja wala katiba moja, ilipata katika muda usiotimia miaka miwili kuwang'oa wazee wa Chama cha Republican katika majimbo yao wenyewe, na kukisaidia chama hicho kukinyang'anya Chama cha Democratic wingi wa viti katika Baraza la Wawakilishi. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya tarehe 16 Desemba 1773, siku ambayo walowezi wa Boston, kwa kughadhibishwa na kodi waliyotozwa na Bunge la Uingereza ambamo hawakuwa na mjumbe hata mmoja, walipanda merikebu zilizotia nanga bandarini na kuyatosa baharini makasha 342 ya chai.

Ghadhabu iliyoizaa harakati hii ilitangulia urais wa Barack Obama, jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Tarehe 3 Oktoba 2008, mabenki makubwa yalipokuwa ukingoni mwa kuanguka, Rais George W. Bush, ambaye ni Mrepublican, alitia saini sheria iliyoidhinisha dola bilioni 700 za kuyaokoa, na wahafidhina wengi waliona kuwa chama chao kimewasaliti kwa kuwalipia matajiri hasara waliyojitakia. Obama naye, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa, akatia saini tarehe 17 Februari 2009 mpango wa dola bilioni 787 wa kuufufua uchumi. Siku mbili baadaye mtangazaji wa habari za biashara, Rick Santelli, akiwa katika ukumbi wa soko la Chicago, alipaza sauti kuupinga msaada uliokusudiwa kupewa watu walioshindwa kulipa rehani za nyumba zao, akawaita watu waje kufanya tea party ya Chicago. Wito ule ulienea upesi: tarehe 27 Februari maandamano ya kwanza yalifanyika katika miji kadhaa, na ilipofika tarehe 15 Aprili, ambayo ni siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, miji iliyoandamana ilihesabiwa kwa mamia.

Walikuwa watu gani? Theda Skocpol na Vanessa Williamson wa Chuo Kikuu cha Harvard walihudhuria mikutano yao na kuyaeleza waliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 2012, wakakisia kuwa vikundi vya mitaa vilifika karibu 1,000. Wengi wao walikuwa Wazungu wa makamo na wazee, wenye hali nzuri kiasi, waliozoea kupiga kura. Wala hawakuichukia kila huduma ya serikali, kwani pensheni na bima ya afya ya wazee waliziona kuwa ni haki yao waliyoitolea jasho, bali walichokichukia ni fedha za umma kupewa wale waliowadhania kuwa hawakustahili. Wapinzani wao walishikilia kwamba harakati nzima ilibuniwa na matajiri, na ni kweli kwamba jumuiya kama FreedomWorks, na Americans for Prosperity iliyofadhiliwa na ndugu wawili wa ukoo wa Koch, ziliwapatia fedha na mafunzo, ilhali televisheni ya Fox News iliwatangaza usiku na mchana. Walakini fedha peke yake haimtoi bibi wa miaka sitini nyumbani kwake kila mwezi kwenda mkutanoni katika ukumbi wa maktaba. Anayetaka kuifahamu harakati hii hana budi kuzikubali sababu zote mbili kwa pamoja.

Jambo moja linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Katika mikutano hiyo ulizagaa uzushi kwamba Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alizaliwa Kenya, na kwa hiyo hakustahili kuwa Rais. Obama alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na hati kamili ya kuzaliwa kwake ilitangazwa hadharani Aprili 2011. Si kila aliyeandamana aliuamini uongo ule, lakini viongozi waliokuwa na uwezo wa kuukanusha na wakanyamaza walitenda dhuluma, na dhuluma ile ilikuja kuzaa matunda katika siasa za miaka iliyofuata.

Je, maandamano huzaa kura, au hutokea tu pale ambapo kura zilikuwapo tangu hapo? Swali hili gumu lilijibiwa kwa tadbiri ya kupendeza na wataalamu wanne wa uchumi, Madestam, Shoag, Veuger na Yanagizawa-Drott, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliitazama mvua ya tarehe 15 Aprili 2009. Maadamu mvua hainyeshi kwa kufuata siasa za watu, mahali palipolowa siku ile na mahali palipokuwa pakavu hutofautiana kwa sudi tu. Na walipolinganisha waliona kuwa palipokuwa pakavu waandamanaji walikuwa wengi zaidi, na kwamba katika uchaguzi wa mwaka 2010 Warepublican walipata huko kura zaidi, tena kwa idadi iliyopita kwa mbali idadi ya walioandamana. Maana yake ni kwamba aliyeandamana alirudi kwake akawavuta jirani na jamaa zake, na kwamba taathira ya mkutano wa siku moja ilidumu mwaka mmoja na nusu.

Silaha yao kubwa ilikuwa uchaguzi wa mchujo, ule ambao Tanzania huitwa kura za maoni, ambapo chama humteua mgombea wake. Majimbo mengi ya Marekani yameelemea chama kimoja kiasi kwamba atakayeshinda mchujo ndiye mbunge, na wanaojitokeza kupiga kura hizo ni wachache, kwa hiyo kikundi kidogo chenye ghera huweza kuamua. Delaware ni ushahidi wa dhahiri: Septemba 2010 watu wasiotimia 60,000 walitosha kuamua mchujo ambao Christine O'Donnell alimshinda Mike Castle, mwanasiasa mkongwe aliyepata kuwa gavana, lakini Novemba, wapiga kura walipozidi 300,000, O'Donnell alishindwa vibaya. Huko Utah seneta Bob Bennett aliangushwa katika mkutano mkuu wa chama chake, na kiti kikaishia kwa Mike Lee. Kentucky ilimpata Rand Paul. Na Florida ikampata Marco Rubio, baada ya gavana Charlie Crist kukihama chama alipoona kuwa hatauvuka mchujo. Alaska ilitoa la ajabu zaidi: Lisa Murkowski alishindwa mchujo na Joe Miller, kisha akarudi Novemba na kushinda kwa wapiga kura kuliandika jina lake kwa mkono.

Dalili ya mavuno ilikwisha kuonekana Januari 2010, Scott Brown alipokitwaa Massachusetts kiti cha Seneti alichokikalia Edward Kennedy tangu 1962, na kwa hilo Wademokrati wakapoteza kura ya 60 waliyoihitaji kuukata mjadala. Tarehe 2 Novemba Warepublican walipata viti 63 zaidi katika Baraza la Wawakilishi, faida ambayo chama chochote hakikuwa kimeipata tangu 1948, na viti 6 zaidi katika Seneti. Seneti yenyewe haikuanguka, na kosa kwa sehemu ni la harakati, kwani viti vya Delaware, Nevada na Colorado viliponyoka kwa sababu ya wagombea iliowasimamisha. Lakini matokeo yaliyodumu zaidi yalikuwa mbali na Washington: takriban viti 680 vya mabunge ya majimbo viliingia mikononi mwa Warepublican katika mwaka ule ule wa sensa, nao ndio wakaichora upya mipaka ya majimbo mengi ya uchaguzi kwa muda wa miaka kumi.

Kutoka hapo hofu ilifanya kazi kuliko kura. Mwaka 2011 wabunge wapya walikataa kuongeza kikomo cha deni la serikali mpaka matumizi yapunguzwe, na tarehe 5 Agosti shirika la Standard & Poor's likaishusha daraja ya mikopo ya Marekani kwa mara ya kwanza. Mwaka 2012 Richard Lugar, seneta wa Indiana kwa miaka 36, alitupwa mchujoni, na aliyemtupa akashindwa na Mdemokrati. Oktoba 2013 ofisi za serikali zilifungwa kwa siku 16 katika jaribio lisilofua dafu la kuizuia sheria ya bima ya afya ya Obama. Kisha tarehe 10 Juni 2014 Eric Cantor, kiongozi wa wabunge walio wengi, akaangushwa na Dave Brat, mwalimu wa uchumi asiyekuwa na fedha wala jina. Hakuna aliyewahi kushindwa mchujo akiwa na cheo hicho tangu kianzishwe mwaka 1899. Baada ya hapo mbunge wa Republican aliyefikiria kuafikiana na Obama alijua linalomngoja kwake.

Kufikia 2016 jina la Tea Party lilikuwa limefifia, na wafuasi wake wengi walikuwa wamemfuata Donald Trump. FreedomWorks yenyewe ilifungwa mwaka 2024. Watu wake ndio waliobaki, hasa katika kundi la wabunge liitwalo House Freedom Caucus lililoundwa Januari 2015. Mick Mulvaney, mmoja wa waasisi wa kundi hilo, aliingia Kongresi katika uchaguzi wa 2010 kwa kumshinda mwenyekiti wa kamati ya bajeti, John Spratt, akihubiri hatari ya deni la taifa. Mwaka 2017 Trump alimpa ofisi ya bajeti ya serikali nzima, kodi zikapunguzwa kwa sheria ya Desemba mwaka huo, na katika mwaka wa fedha wa 2019 nakisi ikakaribia dola trilioni 1, bila ya mtu kuandamana.