Limau, kopo na namba

Bandugu, kila wakati wa kampeni tunapokea tisheti zenye sura ya mutu fulani. Zinapigwa kwa serigrafi: fremu yenye kitambaa chembamba, unaziba pale wino haupaswi kupita, halafu unasukuma wino kwa mpira. Rangi moja, fremu moja. Ukishatengeneza fremu, unaweza kupiga tisheti kumi ama elfu moja. Lakini kwa njia ile ile, kule Marekani, watu walipiga picha za matunda na makopo ambazo leo matajiri wanazigombania kwenye minada. Juu ya nini?

Turudi nyuma kwanza. Karne ya 17, mjini Haarlem, Uholanzi, wachoraji kama Pieter Claesz na Willem Claesz Heda walichora meza: mkate, glasi ya divai, limau iliyomenywa nusu na ganda lake linaning'inia. Kwa Kifaransa tunaita nature morte. Picha ile ilionyesha mali, lakini mchoraji aliweka na mtego ndani yake: glasi imeanguka, saa iko pembeni, wakati mwingine fuvu la kichwa. Maana yake: kula, furahi, lakini utakufa. Huko Paris, André Félibien alipopanga ngazi ya sanaa, picha za namna hii aliziweka chini kabisa. Juu kwa juu alitaka historia na matendo ya watu, na mezani hakuna mutu.

Karne tatu zikapita. Julai 1962, Andy Warhol alionyesha picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's katika galeri ya Ferus, Los Angeles. Kila kopo na ladha yake, zimepangwa sawa vile ku duka. Hapo meza ikageuka. Limau ya Haarlem ilisema: ona, mimi niko na kitu kizuri. Kopo ya Warhol ilisema: hiki kila mutu anacho. Wanunuzi walikuwa wachache sana. Mwenye galeri, Irving Blum, akazichukua zote kwa dola 1,000, analipa kidogo kidogo. Mwaka wa 1996 zikaingia katika makumbusho ya MoMA, New York.

Zile za 1962 zilichorwa kwa mkono. Mwaka wa 1968 Warhol akahamisha makopo ku karatasi, kwa serigrafi: seti ya picha 10, nakala 250. Mwaka wa 1974 Roy Lichtenstein akatoa Six Still Lifes, vitu vya mezani vyenye mistari mizito na rangi bapa, kama katika bande dessinée. Mwaka wa 1979 Warhol akarudia matunda yenyewe katika Space Fruit, picha 6, nakala 150. Aliweka tunda juu ya karatasi nyeupe, akamulika taa kutoka pembeni, akapiga foto. Kivuli kikawa umbo lenye rangi yake, kizito karibu sawa na tunda. Fuvu halipo tena mezani, lakini kwangu mimi kile kivuli njo kimechukua nafasi yake.

Sasa tuangalie zile namba. Fremu ya serigrafi haikuchoka kwa nakala ya 250. Wangeweza kuendelea, lakini waliamua kusimama, kisha msanii akaweka sahihi, na kila nakala ikapewa namba. Picha za Heda zilikuwa chache juu mkono wa mutu una mipaka. Za Warhol ni chache juu watu walikubaliana ziwe chache. Sanaa iliyochora kitu cha kila mutu ikarudi kuwa mali ya wachache, na hakuna mashine iliyolazimisha vile.

Sisi wenye diplome tunajua hii hesabu. Karatasi na wino ni franga kidogo. Sahihi na namba njo watu wanatafuta. Kwa hiyo, ukiambiwa kitu ni adimu, uliza kwanza: kimekosekana kweli, ama kuna mutu alisimamisha fremu?